Baraka Yenye Mvua Haiwezi Kuosha

Habari hii alinielezea Falonne, muke wa Faustin fundi wa motoka, mwaka huu wakati mvua inaanza, juma moja nyuma ya kumuzika mama Delphine wa Naviundu. Tulikuwa tunakaa mu kipango, kiwanja ya nyumba yake, pale mutaa wa Kenya humu Lubumbashi, tunachambua maharagi. Akaniambia ya kama wakati banagawanya bintu ya marehemu, balikuta chini ya kitanda chupa ya mayi ya baraka, imejaa mpaka ku shingo, vumbi nene juu yake. Bantu balishangaa. Mama mwenye alisali vile, kila Paska alienda kuteka mayi ku kanisa, namna gani aliacha hii bila kuigusa? Falonne peke yake alijua. Lakini alikuwa ameapa mbele ya bwana yake ya kama hatafungua kinywa mpaka mama Delphine aingie mu udongo. Sasa ameingia, na miye naandika vile nilisikia.

Faustin na Émile, mutoto wa mama Delphine, balibatizwa siku moja. Baba zao bote babili balitoka kule kaskazini kuja kutumika ku reli, na bote babili bakafia humu Lubumbashi. Faustin akawa fundi, garage yake ni mabati ine juu ya miti, pembeni ya barabara. Émile akawa muntu wa kwenda Sakania, ku mupaka, na kurudi, analeta maharagi, samaki wa kukausha, sabuni. Motoka yake ilikuwa Starlet ya zamani, volan ya kuendeshea ku mukono wa kuume, rangi nyekundu yenye jua ilikula mpaka ikafanana tofali. Hakuna mukono mwingine uliigusa ile motoka isipokuwa mukono wa Faustin.

Mwaka moja, nyuma ya Paska, Faustin alienda Naviundu kubadirisha mafuta ya freni. Ile mafuta haidumu milele. Inavuta unyevu polepole, hata bokali yake, kale kachupa ka kuiwekea, ikifungwa muzuri, na mwisho inakuwa nyeusi kama chai yenye ililala. Faustin akaivuta yote, akamwanga ingine mupya, rangi ya asali. Mama Delphine alikuwa pale mu kipango anakaanga bitumbula yake ya kuuzisha. Akasogea, mwiko ku mukono.

"Na haka kabokali kadogo, ni ka nini?"

Faustin alipendaka kumuchekesha. "Mama, humu njo munakaaka roho ya mutoto yako. Hii ikiharibika, atakanyanga freni, motoka haitasimama."

"Mu kintu kadogo hivi?"

"Mu kintu kadogo hivi."

"Na weye njo unaichunga?"

"Miye na Mungu. Miye najua kufunga, Mungu anajua kuchunga."

Mama Delphine hakucheka. Aliangalia kifuniko ya bokali vile muntu anaangalia mulango wa chumba mwenye mutoto analala. Kisha akarudi ku mafuta yake, maana ilianza kutoa moshi.

Ukame wote ule, miezi yenye mvua hainyeshe, Émile alienda na kurudi. Akipita ku garage alipiga klaksoni, anatosha kichwa ku dirisha.

"Fundi, mafuta yako ya freni haipunguke hata kidogo! Nafungua kapo ya injini, naikuta palepale uliiacha."

"Umeona kazi ya bwana mukubwa," Faustin anajibu, na anafurahi.

Hapo njo alipashwa kusimama afikiri. Freni ikitumika, plakete yenye inabana tairi inaisha, na plakete ikiisha, mafuta mu bokali inashuka. Ni vile. Mafuta yenye haishuke miezi na miezi ni mafuta yenye muntu anaongeza. Faustin alijua ile jambo kama anavyojua jina lake. Lakini sifa ni tamu, na muntu anayekula tamu hatafunaki sana.

Mvua ya kwanza ilipoanza, Émile alikuwa anatoka Sakania, maharagi mpaka ku paa. Mu muteremko wa kushuka ku mutoni Naviundu, karibu afike kwao, kulikuwa kamyo kubwa ya mizigo imeharibika, imesimama mu barabara. Akakanyanga. Pedali ikaenda mpaka chini kama muguu unaingia mu matope. Bantu balimutosha muzima, na ndani ya taxi ya kumupeleka ku hospitali alimuambia mudogo wake Nono neno moja tu: "Freni imekataa." Mbele ya magaribi alikuwa amekufa.

Neno lile likatembea kuliko marehemu mwenyewe. Ku kilio, Faustin alipofika na muke wake, muyomba Mumba, ndugu wa mama Delphine, akasimama ku mulango wa kipango.

"Nani aligusa freni mara ya mwisho?"

"Ni miye, muyomba."

"Basi toka. Weye njo ulimuzika mbele sisi tumuzike, hatuna lazima na udongo yako."

Faustin hakutupa udongo mu kaburi ya rafiki yake. Alisimama ku barabara ya makaburi, nyuma ya muti, sawa muntu mwenye anakimbia mvua. Mama Delphine hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikaa ku mukeka, uso umefungwa.

Kutoka pale, bashofere ba taxi pale Kenya bakamupa jina. Anapita, banasema, "Bila-Freni, leo unauwa nani?" Wengine balicheka tu bila ubaya, lakini motoka zao balipeleka kwa mafundi bengine. Falonne alibajibu siku moja: "Ya kwenu minywa njo haina freni." Balicheka sana, na jina likabaki.

Lakini jina si njo lilimumaliza Faustin. Kilichomumaliza ni mukono wake mwenyewe. Usiku na mchana mukono uliuliza: kavisi, kale kaparafujo ka kutosha hewa mu freni, nilikakaza? Ku tairi ya nyuma, ya kushoto, nilikakaza kweli, ao niliitika bantu wakanisalimia nikasahau? Hakukumbuka. Ukisahau kama ulifanya kintu, kila siku unakifanya tena mu kichwa, na kila siku unakifanya bubaya. Na akilala, muguu wake wa kuume ulikuwa unasukuma ubao wa kitanda, unakanyanga, unakanyanga. Falonne aliusikia kila usiku.

Mwaka ukapita, na Paska ingine. Asubuhi moja, ukame umekauka muzuri, Nono akafika na ile Starlet. Bantu ba tole, ba kunyoosha mabati, balikuwa bameinyoosha uso, wakaipaka rangi yenye haikufanana na ingine.

Faustin alisimama na kitambaa ku mukono.

"Yaya Faustin, jambo."

"Jambo, Nono. Unataka nini hapa?"

"Kesho nataka kwenda Sakania. Mama amesema nikuletee. Amesema, fundi wa hii motoka ni moja tu."

"Mama mwenyewe alisema?"

"Mama mwenyewe. Muyomba Mumba alikasirika mpaka akaacha bukari ku meza bila kuila. Na weye unamujua, haachake bukari." Nono alijaribu kucheka. "Freni yenyewe iko ngumu, na tairi za mbele zinakuwa moto bure. Angalia pole. Mama ameshaibariki asubuhi, weye maliza tu yako."

Faustin alisikia lile neno la kubariki, likapita. Sikio lake lilikuwa mbali, ku kavisi ka tairi ya nyuma. Njo kitu cha kwanza alichoangalia. Alilala chini ya motoka, mu vumbi, akaweka funguo, spana yake, ku kavisi. Kavisi kalikuwa kamekazwa. Kamekazwa mpaka kanalia. Akabaki pale chini amelala, macho imefunga, na Nono akainama kumuangalia.

"Yaya, uko muzima?"

"Niko muzima. Nenda ku soko unitafutie mipira ya ndani ya freni, ya Starlet. Usikubali ya kutumika. Na chupa ya mafuta yenye haijafunguliwa. Wakikuambia imefunguliwa leo tu, kataa."

Nono alipoenda, Faustin akafungua kapo. Mafuta mu bokali haikuwa ya asali, haikuwa nyeusi. Ilikuwa na ukungu, kama mayi yenye muntu ametoka kuosha muchele, na chini yake kutu kama mavumbi ya tofali. Akavuta kidogo na shiringi, bomba ya sindano, akaimwanga mu kopo ya tomati. Mu kopo ingine akamwanga kidogo ya mafuta muzuri yenye alikuwa nayo. Akachukua zote mbili mpaka ku mbabula ya Falonne, jiko yake ya makala, akatosha nyungu.

"Bukari yangu ingoje mafuta ya motoka?" Falonne akauliza.

"Kidogo tu, mama."

"Sasa nitamuambia nani ya kama leo tunakula freni?"

Faustin aliweka makopo mbili ku makala, moja pembeni ya ingine, akachuchumaa. Falonne aliona uso wa bwana yake, akaacha mizaha. Mafuta muzuri ilikaa kimya. Ile ya Starlet ikaanza kupiga mapovu mara moja, inaruka, inaimba, kama chai.

"Ni mayi," Faustin akasema polepole. "Ni mayi, mingi."

Alijua sasa yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mayi inatia kutu vyuma vya ndani. Vyuma vikishika kutu, freni inakamata na haiachilie, tairi inakuwa moto hata kama haukanyange. Mule ndani mayi inachemka, inakuwa muvuke. Na muvuke hausukume kintu. Ukikanyanga, unakanyanga hewa. Émile alikanyanga hewa.

Mukono wake haukukosa. Kwa mara ya kwanza tangu kilio, alivuta pumuzi mpaka chini ya tumbo. Akaona mu kichwa chake muyomba Mumba anakuja na kofia ku mukono kumuomba samahani. Akaona bashofere banameza lile jina. Lakini mayi ilitoka wapi? Kifuniko ya bokali inakaza, mvua haiingie. Muntu alifungua, akamwanga. Na pale lile neno la Nono, lenye lilipita asubuhi, likarudi likakaa.

Nono aliporudi na mipira, Faustin akamuuliza, macho yake ku kazi:

"Mama anabarikiaka motoka namna gani?"

"Vile banabarikiaka. Anasali, anamwanga mayi ya Paska."

"Ku paa? Ku tairi?"

"Zamani, inje. Tangu nyuma ya Paska ya mwaka yaya Émile alikufa, anafungua kapo. Anamwanga ku radiateur, ku kabokali, fasi yote yenye inafunguka. Yaya alimuchekaka. Mama akamujibu, baraka ya inje mvua inaiosha, ya ndani inabaki." Nono akainua mabega. "Kila safari, kidogo kidogo. Hata leo. Yaya mwenyewe alikuwa anamufungulia kapo, halafu anamugeuzia mugongo juu asicheke. Juu ya nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Kidogo kidogo, kila safari. Mu kabokali mwenye fundi alimuambia, akicheka, ya kama humu njo munakaa roho ya mutoto yako. Faustin akaweka funguo chini. Alikuwa amepata mwenye alimwanga mayi, na nyuma ya ule mwenye alimwanga mayi alijikuta yeye mwenyewe, amesimama na midomo yake.

Kazi ilichukua siku muzima. Alifungua tairi zote, akasugua kutu, akatia mipira mipya, akavuta mafuta yote ya zamani. Kisha akamuweka Nono ku volan, akaanza na tairi ya mbali.

"Kanyanga."

"Nimekanyanga."

"Shikilia. Usiachilie mpaka niseme."

Mafuta chafu ikatoka ku kavisi ku kampira mpaka mu chupa, na hewa, na kutu, na baraka. Ndiyo, na baraka ilitoka pale, Faustin alifikiri, na hakujua kama ni zambi kuimwanga chini. Akachimba shimo pembeni ya ukuta, akaizika.

"Achilia. Kanyanga tena."

Mpaka mafuta ya asali ikatoka safi ku tairi zote ine. Pedali ikasimama juu, ngumu kama jiwe.

"Yaya," Nono akauliza toka mu motoka, sauti chini, "umeona nini mule? Nini njo ilimuua yaya Émile?"

"Tutasema kwenu," Faustin akajibu.

Njia yote ya kwenda Naviundu alikuwa anapanga maneno. Alitaka kusema. Msifikiri hakutaka. Ana muke, ana batoto, ana jina. Ukweli ulikuwa mu kinywa chake kama jiwe ya muto, ilikuwa kutema tu. Bakafika ku ule muteremko, Nono akakanyanga freni, motoka ikasimama palepale kamyo ilikuwa imesimama. Nono akafanya ishara ya musalaba.

Mu kipango, muyomba Mumba alikuwa anakaa ku kiti, mama Delphine ku kabao, mbele ya mbabula yake. Alikuwa amekonda mpaka kitambaa kilimuzunguka mara mbili. Pembeni yake, ku udongo, chupa ya mayi ya baraka ilikuwa inangojea safari ya kesho.

"Fundi," muyomba Mumba akasema bila kumupa kiti. "Umefungua. Sasa tuambie mbele ya mama ya mutoto. Nini iliharibika?"

Mama Delphine akainua macho. Faustin aliyaona. Ile macho haikuwa inauliza kama muyomba. Ilikuwa inaogopa, na ilikuwa inaogopa tangu zamani, na Faustin alijua sasa juu ya nini mama alimutuma Nono kwake. Mama alitaka kusikia, na alitaka asisikie.

"Ni kavisi," Faustin akasema. "Ka tairi ya nyuma, ya kushoto. Sikukakaza. Mafuta ilikuwa inatoka kidogo kidogo. Ni mukono wangu, muyomba."

Nono akaangalia Faustin, akaangalia chini.

"Mwaka muzima," muyomba Mumba akasema, "mwaka muzima nangojea usikie haya useme hivi." Hakupiga makelele. Alisimama, akachukua kofia yake. "Naenda kuambia jamaa. Na weye usiguse tena motoka ya muntu mu hii mutaa." Akatoka, na Nono akamufuata mpaka ku barabara, juu asimuache aende na hasira peke yake.

Balibaki babili. Mafuta ilikuwa inalia ku mbabula. Mama Delphine akaweka kitumbula, akakigeuza.

"Mama," Faustin akasema, "toka leo, mayi ya baraka uimwange ku tairi. Usifungue tena kapo, radiateur itakuchoma. Tairi njo inatembea, tairi njo inakutanaka na hatari."

"Na kabokali?"

"Kabokali nimekafunga. Kakae vile."

Mama Delphine akachovya kidole mu kopo ya mayi ya kunawa. Akaachilia tone moja mu mafuta ya moto. Ikaruka, ikapiga kelele, ikaisha.

"Nakaanga bitumbula tangu Émile ni mu tumbo," akasema. "Najua mayi inafanyaka nini mu mafuta ya moto."

"Ile ni mafuta ya kula, mama. Ya motoka ni ingine."

"Ni ingine?"

"Ni ingine kabisa."

Alimuangalia muda. Faustin hakuinamisha macho. Alikuwa ameinamisha macho mwaka muzima kwa kosa lenye hakulijua, na sasa, akidanganya, aliweza kuangalia.

"Ulikuwa unacheka siku ile," mama Delphine akasema, "wakati uliniambia roho yake iko mule."

"Nilikuwa nacheka, mama."

"Miye sikucheka."

Akafunga bitumbula mu karatasi, akamupa na mikono miwili. Kisha akachukua ile chupa, akaingia nayo mu nyumba, na Faustin akasikia kitanda kinasogezwa.

"Uende, mutoto wangu," akasema toka ndani. "Usirudie hapa. Batakupiga, na sitakuwa na nguvu ya kubakataza."

Ku Kenya, Falonne alikuwa anangojea na uso wa furaha, maana aliona makopo mbili asubuhi, alijua bwana yake ni safi. Faustin akamuelezea yote, mpaka ku kavisi.

"Umelichafua jina letu weye mwenyewe?" Falonne akauliza. "Na kesho tutakula nini? Ile bitumbula?"

"Falonne, mama Delphine amezaa, amelisha, amezika. Nimuongezee nini ingine?"

"Na miye? Batoto bangu batakuwa batoto ba Bila-Freni mpaka lini?"

"Mpaka yeye aende. Uniapie."

Hakuapa mara moja. Balikula bukari. Alipomaliza kuosha sahani, akakuja akasimama mbele yake, akaapa, na sauti yenye haikuwa na upendo. Kisha akalala, akageukia ukuta. Bitumbula ilibaki ku meza mu karatasi yake, mafuta inatoboa karatasi.

Faustin alilala mugongo chini. Mbali, treni ililia upande wa reli. Alifikiri Nono atapita ule muteremko kesho, na motoka itasimama. Hiyo aliijua. Hiyo ilikuwa kweli. Akangojea muguu wake utulie. Haukutulia. Muguu wa kuume ukasukuma ubao wa kitanda, ukaachilia, ukasukuma tena, sawa usiku zingine zote, unatafuta fasi yenye pedali inashikilia. Na alipopata usingizi, karibu na asubuhi, muguu ulikuwa bado unakanyanga.